Mama anaanguka usiku: uliza kwanza alikuwa anakwenda wapi

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 76, ninaishi naye hapa Tanga. Tangu mwaka jana ameanguka mara tatu. Mara mbili ilikuwa usiku wa manane, mara ya tatu alfajiri akienda kutia udhu, na safari hiyo aliumia kifundo cha mkono. Tumempima macho, amepigwa picha ya mifupa, na presha yake wanasema dawa zinaishika vizuri. Usiku anaamka mara nne au tano kwenda kukojoa, na siku hizi mkojo unamtoka kabla hajafika chooni. Ameshatibiwa UTI mara tano. Tumemkataza kunywa maji kuanzia saa kumi jioni lakini hali ni ile ile. Jirani yetu ambaye ni muuguzi mstaafu ameniambia huenda kibofu ndicho kinachomwangusha. Ni kweli? Na je, nimvalishe pampasi?

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguza, na mama mpe pole zangu.

Jirani yako amesema kweli. Nami nakushukuru kwa kuyaandika mambo mawili pamoja, kuanguka na mkojo, maana wengi ninaowapokea kliniki huletwa kwa kuanguka peke yake. Habari ya mkojo huwa naichimbua mwenyewe, tena baada ya kuwaomba watoto watoke nje kidogo. Mzee akianguka, nyumba nzima huuliza ameumia wapi. Mimi naanza na swali jingine: alikuwa anakwenda wapi? Nikiuliza hivyo, mara nyingi jibu ni chooni, au alikuwa anatoka chooni. Mama yako ameanguka mara tatu, na safari zote tatu zinaelekea upande ule ule wa nyumba.

Hebu tumfuate usiku mmoja, hatua kwa hatua.

Ni saa nane usiku, kibofu kinamwamsha. Mkojo haumpi nafasi ya kujinyoosha, kwa hiyo anainuka ghafla. Mtu yeyote akisimama, damu ya nusu lita au zaidi huteremka kwenye miguu na tumbo. Kwako wewe mishipa hujikaza papo hapo na kuirudisha juu, wala hujui kama kuna kilichotokea. Kwa mtu wa miaka 76, tena anayemeza dawa za presha, kujikaza huko huchelewa. Kichwa kinapungukiwa damu kwa muda mfupi, macho yanaingia kiwi, na wakati huo huo ndio anaotakiwa kutembea. Chandarua kimechomekwa chini ya godoro. Anapapasa ukingo, anatoa mguu mmoja, wa pili unabaki umenasa. Khanga aliyolala nayo imelegea na pindo linaburuta chini ya kisigino. Ndala moja imeingia uvunguni. Swichi ya taa iko mlangoni, na siku nyingine umeme wenyewe umekatika. Jicho la mzee huchukua muda mrefu kulizoea giza, kwa hiyo hatua zile za kwanza anazipiga kwa kukisia. Kisha kuna mkeka, kuna kizingiti, na mwisho kuna sakafu ya saruji iliyomwagikiwa maji ya watu waliooga usiku.

Na muda wote huo mkojo unambana. Kutembea kwa mzee kunahitaji akili yake iwepo, na akili iliyoshughulika kuzuia mkojo haiwezi kuangalia kizingiti sawasawa. Watafiti waliopima mwendo wa wanawake waliobanwa na mkojo walikuta kasi inapungua na hatua zinafupika, hata kwa wale ambao mkojo wao hauwatoki kabisa. Sasa mweke mzee mwenye magoti ya kuuma mahali hapo, gizani, katikati ya usingizi.

Kuna tofauti moja hapa ambayo ningependa uishike, kwa sababu ndiyo inayoonyesha hatari iko wapi. Mkojo humtoka mtu kwa njia kuu mbili. Kuna wa msukumo: hamu inakuja ghafla, nzito, na usipokimbia unakuwahi. Kuna wa kujikaza: unatoka kidogo mtu anapokohoa, anapocheka au anaponyanyua ndoo. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 6,000. Wale waliotokwa na mkojo wa msukumo angalau mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kuanguka uliozidi wa wenzao kwa asilimia 26, na wa kuvunjika mfupa kwa asilimia 34. Wale wa kukohoa na kucheka hawakuonyesha ongezeko hilo. Nguo zote mbili zinalowa, lakini ni mmoja tu unaomkimbiza mtu. Haraka ndiyo inayoangusha.

Nisikufiche jambo jingine. Kibofu na miguu mara nyingi hudhoofishwa na chanzo kimoja: kisukari cha muda mrefu, kiharusi kidogo kilichopita bila kutambulika, ugonjwa wa kutetemeka, au uzee wenyewe unaokula nyama za mapaja. Kwa hiyo usitarajie kwamba tukituliza mkojo basi mama hataanguka tena maisha yake. Tunashughulikia vyote viwili, mkojo na njia anayopita.

Tuanze na kwa nini anaamka mara nne au tano.

Watu wengi hudhani mzee anakojoa usiku kwa sababu kibofu kimechoka. Mara nyingi kibofu hakina kosa, mkojo wenyewe ndio mwingi. Ujanani mwili hutoa usiku homoni inayoziambia figo zipunguze kazi, na kadiri umri unavyosonga homoni hiyo hupungua. Halafu kuna maji ya miguuni. Mwangalie mama jioni: bonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde chache kisha achia. Likibaki shimo, hayo ni maji yaliyoteremka mchana kutwa alipokuwa amekaa barazani miguu ikining'inia. Akilala, maji hayo hurudi kwenye damu, moyo unahisi mzigo, figo zinaamriwa kuyatoa. Maji aliyokunywa asubuhi anayakojoa saa nane usiku, na kumkatia maji ya jioni hakugusi hesabu hiyo.

Hapa naomba utazame dawa zake za presha. Kuna inayoitwa amlodipini, ni dawa nzuri na inatumika sana, lakini huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Na kuna zile watu wanazoita dawa za kukojoa, kama Lasix. Nilimpokea mzee mmoja aliyekuwa akiamka mara sita. Niliomba mfuko wa dawa, nikakuta Lasix anaimeza saa mbili usiku baada ya kula, pamoja na dawa zake nyingine zote, ili asisahau. Lasix huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa takriban saa sita. Hebu fikiri saa hizo zinaangukia wapi. Tuliihamishia mchana, akawa anaamka mara mbili. Usiibadilishe mwenyewe wala usiisimamishe, ila mwulize daktari wake maneno haya haya: "Dawa hii inaweza kuhamia asubuhi au mchana?"

Pia apimwe sukari. Sukari ikizidi kwenye damu humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo, usiku na mchana. Uliza kama anakoroma sana na kukatika pumzi usingizini, kwa kuwa hilo nalo huongeza mkojo wa usiku kupitia moyo. Uliza choo kikubwa, maana utumbo uliojaa choo kigumu hukandamiza kibofu. Na muulize, wewe au dada yako mkubwa, kama anahisi kitu kinashuka ukeni. Kizazi kushuka ni jambo la kawaida kwa mama aliyezaa watoto wengi, na kuna wanaokaa nalo miaka ishirini bila kumwambia mtu. Kuna pete maalumu inayoweza kuwekwa ikakishikilia bila upasuaji.

Sasa UTI. Hapa nitasema kwa uzito kidogo kwa sababu naona madhara yake kila wiki. Wanawake wengi wa umri wa mama yako wana bakteria kwenye mkojo ambao hawawaumizi chochote. Ukipima utawakuta leo, ukitibu watapungua, ukipima baada ya mwezi utawakuta tena. Ndiyo inayokuja kuitwa UTI sugu. Bakteria hao bila dalili hawatibiwi. Dalili ninazozitaka ni mkojo kuchoma, maumivu chini ya kitovu, homa, au hamu ya kukojoa iliyobadilika ghafla ndani ya siku chache tu. Kuamka mara nne kila usiku kwa mwaka mzima hakutokani na UTI. Dozi tano za antibaiotiki huenda zimempa mama kichefuchefu na kuharisha, zimewafundisha bakteria kuzizoea dawa, na zimewafanya nyote muamini kwamba chanzo kimepatikana. Kwa wanawake waliokoma hedhi, ukavu wa sehemu za siri huchangia mkojo wa msukumo na hata UTI za kweli zinazorudiarudia, na ipo krimu ya homoni ya kupaka ukeni inayosaidia. Mwulizie hospitali.

Maji mliyomkatia mrudishieni. Najua mlifanya kwa nia njema, lakini mzee asiyekunywa maji presha yake huporomoka anaposimama, choo kinakuwa kigumu, na mkojo unakuwa mzito unaokiwasha kibofu. Yote matatu yanamrudisha kwenye kuanguka. Kinachotakiwa ni kuyahamisha. Anywe vizuri tangu asubuhi hadi alasiri, kisha apunguze saa tatu au nne kabla ya kulala bila kukaukiwa. Chai ndiyo iangaliwe zaidi. Kikombe cha chai ya rangi saa tatu usiku, na supu, na kipande cha tikiti maji, vyote ni mkojo wa saa saba. Kama ana ugonjwa wa moyo au wa figo, kiasi cha maji akipange daktari wake.

Kwa kuwa umetaja udhu, niseme na la Ramadhani. Mwezi huo kunywa kote huhamia usiku: futari, uji, chai, daku. Wazee huamka mara nyingi zaidi, na mchana hukauka. Zungumzeni na daktari kabla ya mwezi kuandama jinsi ya kupanga dawa, na mkumbusheni mama kwamba mzee mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na kutoa fidia. Na kuna jambo ambalo wazee wetu hawalisemi: wengi huacha kwenda maulidini na hata kwenye swala kwa kuhofia najisi. Mtu ambaye mkojo wake hauzuiliki ana hukumu zake katika dini, zenye wepesi. Mpelekee sheikh swali hilo kwa niaba yake. Nimeona mama mmoja akilia kwa furaha alipoambiwa.

Sasa kazi ya siku tatu, ambayo nakuomba uifanye kabla ya kwenda hospitali. Nunua jagi la plastiki lenye alama za mililita, na daftari la kawaida. Kwa siku tatu mchana na usiku, kila anapokojoa akojolee humo, wewe uandike saa na kiasi. Andika pia alichokunywa, na weka alama pale mkojo ulipomtoka au alipokimbia. Ukimaliza, piga hesabu hii: mkojo wote wa usiku, tangu alipolala hadi na ule wa kwanza wa kuamkia, linganisha na jumla ya saa 24. Tuseme jumla ni mililita 1,500 na wa usiku ni 700. Hiyo ni karibu nusu. Kwa mtu wa umri wake, ukizidi theluthi moja, tatizo ni mkojo mwingi wa usiku, na tunatafuta miguu, moyo, sukari na saa za dawa. Ukikuta anatoa mililita 80 au 100 kila mara, mchana na usiku, basi kibofu chenyewe ndicho chenye fujo, au hakimwagi chote na mkojo mwingine unabaki ndani. Kipimo cha ultrasaundi mara baada ya kukojoa kinaonyesha kilichobaki. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya dakika kumi, na hakuna mashine inayolishinda.

Pima na presha kwa namna ya pekee. Alale chali dakika tano, mpime. Asimame, mpime baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu, wewe ukiwa karibu wa kumshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha hiyo "iliyo sawa" inamwangusha. Presha inayopimwa mtu ameketi kwenye benchi la kliniki haiwezi kukuonyesha hilo.

Wakati mnasubiri siku ya kliniki, kuna ya kufanya leo.

Mkatieni mama safari. Choo kikiwa uani, usiku kihamie chumbani. Ndoo yenye mfuniko inatosha kwa anayeweza kuchutama na kuinuka, lakini kwa magoti ya miaka 76 ni bora kiti: mpeni fundi seremala kiti imara chenye mikono, akate tundu katikati, ndoo ikae chini yake. Kiwekwe upande ule anaoshukia kitandani, karibu kiasi kwamba akikaa ukingoni mkono unakifikia. Msimwondolee chandarua, malaria kwa mzee si mchezo, ila upande wa kushukia pindo lisichomekwe, likunjwe mara mbili na kuning'inia hadi chini kwa uzito wake. Taa ndogo ya sola iwake usiku kucha karibu na sakafu, au tochi ya kuvaa shingoni. Mkeka uondoke njiani. Alale na gauni linaloishia chini kidogo ya magoti, khanga aiweke begani akitoka. Ndala zilizolika nyayo zitupwe. Kitanda kikiwa kirefu kiasi kwamba miguu haigusi chini akikaa, kikatwe miguu. Kikiwa kifupi sana, kiinuliwe.

Akiamka, asisimame mara moja. Akae ukingoni, apige nyayo chini kama anayetwanga mara kumi, ahesabu hadi ishirini, ndipo ainuke akiwa ameshika kitu. Atakuambia mkojo hautasubiri. Hapa kuna mbinu mnayopaswa kuifanyia mazoezi mchana. Hamu ikija kwa nguvu, atulie pale pale, akaze nyama za chini kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, upesi upesi mara tano au sita, bila kubana pumzi. Hamu ya kibofu huja kama wimbi, inapanda kisha inashuka. Ikishuka ndipo atembee. Wengi huondoka wimbi likiwa juu, na hapo ndipo mkojo unapowatoka na mguu unapokosea. Nyama hizo zinahitaji mazoezi ya kila siku, kukaza na kulegeza taratibu mara kumi, mara tatu kwa siku, na asikate tamaa kabla ya miezi mitatu.

Alasiri alale kwa muda wa saa moja miguu ikiwa juu ya mto, ili maji ya miguuni yatoke mchana. Na afanye zoezi la kiti: akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza, akae tena polepole, mara tano, baadaye mara kumi. Mazoezi ya nguvu za miguu na ya kusimama bila kuyumba hupunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban robo, na ushahidi wake ni mzito kuliko wa dawa yoyote niijuayo ya kibofu.

Dawa za kibofu zipo, lakini nazitoa kwa uangalifu. Za zamani kama oksibutinini hutuliza kibofu na wakati huo huo hukausha kinywa, hufunga choo, hutia ukungu machoni na huweza kumchanganya mzee akili. Ukimtibu mkojo kwa kumfanya apepesuke hujamsaidia. Angalia pia dawa anazonunua mwenyewe dukani. Piriton ya mafua na Valium ya usingizi ni miongoni mwa zinazowaangusha wazee, na Piriton hufanya mkojo ugome kutoka vizuri.

Kwa wasomaji wenye baba: tezi dume iliyokua humwamsha mzee vile vile, na dawa zake kama tamsulosini hushusha presha akisimama, hasa siku za mwanzo. Mwanaume anayeamka usiku akojoe ameketi. Wapo wanaopoteza fahamu wakiwa wamesimama wanakojoa, presha ikishuka ghafla kibofu kinapomwagika, na wanaangukia kichwa.

Pampasi sasa. Kwa safari ya basi, kwa harusi, kwa siku ya kliniki, mvalishe bila wasiwasi, zinamrudishia mtu uhuru wa kutoka. Usiku pia anaweza kuvaa, kwa sharti kwamba ni za kumwondolea haraka: akijua hata mkojo ukimwahi hakuna kitakacholowa, hatakimbia. Zisiwe sababu ya kumwambia "kojoa tu humo." Anayeambiwa hivyo huacha kuinuka, asiyeinuka miguu hufa, na ngozi huchubuka. Ukinunua, mpe yeye mfuko aweke kabatini kwake avae mwenyewe. Na mpira wa mkojo usikubali uwekwe kwa ajili ya kurahisisha uuguzi. Unaleta maambukizi, na usiku ni kamba ya kujikwaa.

Akianguka tena, kabla ya kumnyanyua tazama miguu. Mmoja ukionekana mfupi na wayo umegeukia nje, au hawezi kuukanyagia, ichukulieni kuwa nyonga imevunjika. Asichuliwe, asivutwe, alazwe chali mto ukiwa kati ya mapaja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Kwa wazee nyonga ina sehemu kubwa katika vifo hivyo. Msisubiri pia akikojoa damu, mkojo ukigoma kabisa, akipata homa na kuchanganyikiwa, au miguu ikifa ganzi ghafla pamoja na mkojo kutoka wenyewe. Akigonga kichwa na anameza dawa ya kuyeyusha damu, apelekwe hata kama anasema yuko salama.

Limebaki la namna ya kumwambia. Usimuulize mbele ya wakwe wala wajukuu, na usianze na godoro kulowa. Mngoje mkiwa wawili, labda unamsuka au unamchambulia mchele, umwambie: "Mama, daktari anasema miguu yako ina nguvu, ila usiku unakimbizwa. Tunataka usikimbizwe." Neno kujikojolea lisitamkwe nyumbani hata kwa mtoto. Mwambie na kuhusu kiti kabla fundi hajakileta, achague mwenyewe kikae upande gani.

Siku ya kliniki nendeni na daftari, vipimo vya presha ya kulala na ya kusimama, na dawa zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za miti shamba. Mama ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo ulizeni dirisha la wazee, asipange foleni ndefu akiwa amebanwa. Na mkifika, kabla hamjaketi, muulizieni choo kiko wapi.